Kuongeza nguvu ya pikipiki ya porini: Tabora ina masharti yake

Na Mwandishi Wetu

WAPO waendesha pikipiki ambao, wakitaka nguvu zaidi, huanza kwa kung'oa chujio la hewa na kukata bomba la moshi. Mlio huongezeka papo hapo, na dereva hudhani injini nayo imepata nguvu. Katika mchanga na vumbi la Tabora, hiyo ni njia fupi ya kuiua.

Njia ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Tabora na kuendelea Ujiji, ilikatiza nchi hii ya miombo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na lami imefika barabara kuu kadhaa. Hata hivyo, asali ya Sikonge na tumbaku ya Urambo bado huanzia katika vijia vya mchanga, ambako pikipiki kama Yamaha DT 125 na Honda XL 125 zilijipatia heshima.

Mji wa Tabora uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, hivyo injini ya kabureta hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu zake. Petroli inayopita kwenye jeti haipungui kwa kiwango hicho, kwa hiyo mchanganyiko huzidi petroli na plagi hushika masizi. Dawa yake mara nyingi ni jeti kuu iliyo ndogo kwa kipimo kimoja, kazi ya gharama ndogo.

Anayetoa chujio hugeuza hesabu hiyo. Hewa huzidi, petroli hupungua, silinda huchemka na pistoni inaweza kukwama. Aidha, chembe za mchanga husaga ringi na kuta za silinda. Chujio la sponji lilioshwe, likaushwe, kisha lilowekwe oili na kukamuliwa. Katika safari za vumbi kazi hii haingoji mwisho wa mwezi.

Kwa bomba la moshi, DT ni somo la pekee. Injini yake ni ya mipigo miwili, na umbo la bomba ni sehemu ya injini yenyewe: wimbi la moshi hugonga sehemu inayobana, hurudi, na kuusukuma ndani ya silinda mchanganyiko uliotaka kutoroka. Ukilikata, unaitupa nguvu uliyoilipia dukani.

Kuchonga silinda na kuweka pistoni kubwa nako husifiwa kupita kiasi. Nusu milimita kwenye silinda ya milimita 56 huongeza ujazo kwa chini ya asilimia 2. Hayo ni matengenezo tu.

Badiliko linalohisiwa kweli na mwenye mzigo liko nje ya injini. Spoketi ya mbele yenye meno 14 ikibadilishwa kwa ya meno 13, nguvu ya kusukuma gurudumu la nyuma huongezeka kwa takriban asilimia 8. Mwendo wa juu hupungua, jambo ambalo kwenye mchanga halimsumbui mtu.

Baada ya kubadili jeti, endesha kilomita kadhaa kwa mafuta mengi, zima injini ghafla huku klachi ikiwa imekamatwa, ufungue plagi. Kahawia hafifu ni salama. Nyeusi kavu, petroli imezidi. Nyeupe, rudisha jeti kubwa kabla ya kuendelea.