Mary Wollstonecraft

Mary Wollstonecraft (27 Aprili 1759 – 10 Septemba 1797) alikuwa mwandishi na mwanafalsafa wa Uingereza. Anajulikana hasa kwa kitabu chake Utetezi wa Haki za Mwanamke (1792), ambamo alidai kuwa udhaifu unaoonekana kwa wanawake unatokana na malezi na kunyimwa elimu, si maumbile. Hoja zake nyingi zilitokana na mambo aliyoyaona kwao na kazini kabla ya kuyasoma vitabuni.

Maisha ya awali

Alizaliwa Spitalfields, London. Babu yake alipata mali kwa ufumaji wa hariri, lakini baba yake alitaka kuishi kama bwana shamba akaipoteza. Baba huyo alikuwa mlevi na alimpiga mkewe. Inasimuliwa kwamba Mary alilala mlangoni pa chumba cha mama yake ili kumkinga. Sehemu ya urithi wa babu ilimwendea kaka mkubwa, si mabinti.

Mwaka 1784 alimsaidia mdogo wake Eliza kumtoroka mumewe. Sheria ya wakati ule ilimpa baba mamlaka yote juu ya watoto, hivyo Eliza alimwacha binti yake mchanga, ambaye hakuishi muda mrefu. Jambo hili lapaswa kukumbukwa na kila anayesoma riwaya zake.

Mwanamke wa tabaka lake aliyehitaji mshahara alikuwa na njia chache, na Mary alizipitia karibu zote: alimtunza mjane tajiri mjini Bath, akaanzisha shule ya wasichana Newington Green, kisha akawa mwalimu wa nyumbani kwa familia ya makabaila huko Ireland. Newington Green alikutana na mhubiri Richard Price na Wakristo wengine waliojitenga na Kanisa la Anglikana, ambao kwa sababu hiyo walizuiwa kushika vyeo vya serikali. Kwao alijifunza kuhoji mamlaka ya kurithi. Mwaka 1787 alirudi London akaishi kwa kalamu, akimwandikia mchapishaji Joseph Johnson.

Utetezi wa Haki za Mwanamke

Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza, Edmund Burke aliyashambulia, naye Mary akamjibu mwaka 1790 kwa kitabu cha kutetea haki za binadamu. Mwaka uliofuata Talleyrand alipendekeza nchini Ufaransa kwamba wasichana wasome shule za umma hadi miaka minane tu, kisha walelewe nyumbani. Utetezi umetabarukiwa kwake.

Kitabu hicho pia kinampinga Rousseau, aliyetaka msichana afundishwe kumpendeza mwanamume. Mary anawalinganisha wanawake na maofisa wa jeshi: wote hufundishwa adabu za nje kabla ya kufikiri, na wote hupenda mavazi na kutii. Anapendekeza shule za kutwa za serikali, wavulana na wasichana pamoja, matajiri kwa maskini, kuanzia miaka mitano hadi tisa. Baada ya hapo watoto wa kazi za mikono wangetengwa na wengine. Usawa wake ulikuwa na mipaka ya tabaka.

Miaka ya mwisho

Mwishoni mwa 1792 alikwenda Paris. Alizaa na Mmarekani Gilbert Imlay bila ndoa. Alipoachwa alijaribu kujiua mara mbili mwaka 1795. Machi 1797 aliolewa na mwanafalsafa William Godwin, akafariki siku kumi na moja baada ya kumzaa binti yao Mary, ambaye baadaye aliandika Frankenstein.

Riwaya yake ya mwisho, Maria, haikukamilika. Inasimulia mke aliyefungiwa na mumewe katika nyumba ya vichaa na kunyang'anywa mtoto wake. Kisa cha Eliza kinaonekana humo waziwazi.

Mwaka 1798 Godwin alichapisha wasifu wa mkewe bila kuficha lolote, akidhani anamheshimu. Wapinzani waliyatumia maisha yake kukataa hoja zake, na kwa muda mrefu wengi waliogopa kumtaja. Sheria ya kwanza ya Uingereza iliyomruhusu mama aliyetengana na mumewe kuomba mahakamani akae na watoto wake wadogo ilipitishwa mwaka 1839.