Bibi na bwana wa Beni kule Kampala

Wenzetu wenye lisanse na nyie munaosoma bado, tuongee historia kidogo. Tangu mauaji ya Oktoba 2014 katika teritware ya Beni, na shambulio la Novemba 2015 hapa Eringeti, familia nyingi zilivuka mpaka kuingia Uganda. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kutembea na kufanya kazi. Lakini chakula cha msaada kinatolewa zaidi kambini, kama Kyangwali. Mwenye kuchagua Kampala anajilipia nyumba mwenyewe.

Hapo ndipo ndoa inabadilika. Bwana alisoma kwa Kifaransa. Ofisi za Kampala zinataka Kiingereza, soko linataka Kiganda. Diploma inabaki kwenye valizi. Bibi anabeba vitenge, anapita mlango kwa mlango, na jioni yeye ndiye analeta pesa ya unga. Baba anapeleka watoto masomo. Kuna bwana anayeona haya, nyumba inajaa kelele. Mwingine anashika daftari ya madeni ya vitenge, na wanasonga pamoja.

Kama uko na ndugu kule, muulize nani analipa nyumba. Jibu lake nalo ni historia yetu, tuliandike.