Simu ya San Bernardino

iPhone 5C naijua kwa vidole. Mgongo ni plastiki ya rangi, bodi ni nyembamba, na chipu ya kumbukumbu, ile inayobeba picha, meseji na kila alichohifadhi mwenye simu, imekazwa kwa lehemu na gundi ngumu isiyopenda kuachia. Ilitoka mwaka 2013, na hapa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, vijana waliipenda kwa kuwa ilikuwa nafuu kidogo kuliko iPhone nyingine. Nimefungua nyingi: za kubadilisha kioo, za betri, zilizotumbukia majini. Kwa hiyo serikali ya Marekani ilipoipeleka kampuni ya Apple mahakamani mwaka 2016, niliifuatilia kesi ile siku kwa siku. Ugomvi wote ulikuwa juu ya simu hiyohiyo.

Tarehe 2 Desemba 2015, katika mji wa San Bernardino, jimbo la California, mume na mke waliwavamia kwa bunduki wafanyakazi wa idara ya afya ya kaunti waliokuwa wamekusanyika. Waliua watu 14 na kujeruhi 22. Mume alikuwa mfanyakazi wa idara hiyohiyo. Wote wawili waliuawa na polisi siku ileile, lakini simu zao binafsi walikuwa wameshaziponda. Ikabaki moja, ya kazini, mali ya kaunti: iPhone 5C, imefungwa kwa namba za siri, na aliyezijua amekufa.

Kosa la kwanza lilitendeka mapema, na kila nikilikumbuka linaniuma kama fundi. FBI waliwaambia watu wa kaunti wabadilishe neno la siri la akaunti ya iCloud, ili waone kilichohifadhiwa huko. Waliona, lakini hifadhi ya mwisho ilikuwa ya tarehe 19 Oktoba. Wangeiacha akaunti kama ilivyo, wakaipeleka simu mahali penye Wi-Fi inayoifahamu na kuichomeka kwenye chaji, huenda ingejihifadhi yenyewe na wakapata wiki zile sita zilizokosekana. Baada ya kubadilisha neno la siri, njia hiyo ikafa.

Hapa inabidi nieleze kufuli lenyewe. Simu za zamani zilifungwa juujuu. Nokia ikija na kodi, unajaribu 12345 ya kiwandani. Ikikataa unaichomeka kwenye boksi, unaiflashi, na mteja anaondoka baada ya muda mfupi. Majina na meseji vilikaa ndani waziwazi. Septemba 2014, kwa toleo la 8 la programu yake, Apple iliweka karibu kila kitu cha mwenye simu chini ya namba yake ya siri, ikatangaza kwamba haiwezi tena kuvitoa hata polisi wakija na hati ya mahakama. Vilivyomo vinasimbwa, yaani vinavurugwa kwa hesabu. Ufunguo wa kuvirudisha unatokana na mchanganyiko wa namba za siri na namba nyingine ya biti 256 iliyochomwa ndani ya prosesa kiwandani. Ndiyo maana ukiing'oa chipu ya kumbukumbu ukaibandika kwenye simu nyingine huambulii kitu.

Namba nne zina uwezekano 10,000. Simu hutumia milisekunde 80 hivi kukagua kila jaribio, kwa hiyo mashine ikiachiwa ingezimaliza zote kwa dakika kama 13. Kinachoiokoa simu ni vizuizi. Ukikosea mara kadhaa unasubiri dakika moja, ukikosea tena dakika tano, baadaye robo saa, halafu saa nzima. Na kama mwenyewe alichagua hivyo, kosa la kumi linafuta kila kitu.

Tarehe 16 Februari 2016, Hakimu Sheri Pym aliiamuru Apple iwasaidie FBI. Msingi wa amri ni sheria ya mwaka 1789, inayozipa mahakama uwezo wa kutoa amri zinazohitajika ili kazi yao itimie. Apple ilitakiwa iandike programu ya kuondoa ule ufutaji, kuondoa kusubiri, na kuruhusu namba zijaribiwe kwa waya badala ya kidole. FBI hawakuweza kujiandikia, kwa sababu iPhone haipokei programu isiyo na saini ya Apple. Tim Cook, mkuu wa kampuni, akatoa barua ya wazi kwa wateja akikataa.

Waliodai simu ifunguliwe walikuwa na haki ya kudai. Kuna familia za waliouawa zilizosimama na serikali, zikiwakilishwa na jaji wa zamani Stephen Larson. Walitaka kujua kama kulikuwa na mtu wa tatu, na ningekuwa mimi nimezika, ningetaka kujua. Lakini hata kati yao hapakuwa na kauli moja: mume wa mwanamke aliyepigwa risasi tatu akapona alimwandikia hakimu kuunga mkono Apple.

Serikali ilisema inaomba simu moja tu. Sikuiamini kauli hiyo hata kidogo. Mwendesha mashtaka wa Manhattan, Cyrus Vance, alikuwa na iPhone 175 zinazosubiri foleni. Mkurugenzi wa FBI, James Comey, alipohojiwa na kamati ya Bunge tarehe 1 Machi, alikiri kwamba uamuzi ule ungeweza kutumika kwa kesi nyingine. Siku moja kabla, huko Brooklyn, Hakimu James Orenstein alikuwa ameikatalia serikali ombi la namna hiyohiyo katika kesi ya dawa za kulevya, akisema sheria ile ya 1789 haiwezi kunyooshwa kufika huko. Programu ikishaandikwa mara moja, simu ya pili haigharimu jasho lolote.

Wanaokuja na simu zilizofungwa ninawaona kila wiki. Mama mmoja alikuja na simu ya mwanawe aliyefariki kwa ajali ya bodaboda.

"Fundi, simu chukua wewe. Mimi nipe picha tu."

"Pole sana, mama. Namba zake za siri unazijua?"

"Mwanangu, angenipa za nini? Alijua atakufa?"

Sikuweza kumsaidia, na nilimwambia ukweli bila kumla hela. Mwingine alikuja amevaa vizuri, ameshika simu yenye kava la maua, akasema ni ya mkewe, amesahau pattern. Nikamwambia, bosi, mlete shemeji mwenyewe, tutaifungua akiwa hapa. Hakurudi. Wa tatu alijitambulisha kuwa askari, simu ni ya mtuhumiwa, karatasi hana. Nikamwambia, afande, niletee hati na mtu wa kushuhudia, nitakufanyia kazi. Simu haina macho. Mama yule, mume yule na afande yule wote wanabonyeza kioo kilekile, na programu inayomfungulia mmoja inawafungulia wote watatu, na mwizi wa nne nyuma yao.

Marekani walikuwa wameshajaribu kutengeneza mlango wa polisi peke yao. Tarehe 16 Aprili 1993 Ikulu ya Clinton ilitangaza chipu iliyoitwa Clipper, ya kuwekwa kwenye simu za mezani. Ingesimba mazungumzo, lakini nakala ya ufunguo wa kila chipu ingegawanywa nusu mbili na kukabidhiwa ofisi mbili za serikali, polisi wazichukue kwa idhini. Mwaka 1994 Matt Blaze, mtafiti wa AT&T, alionyesha kwamba sehemu iliyobeba taarifa za polisi ililindwa kwa biti 16 tu za uhakiki. Mtu angeweza kuighushi, akaendelea kuongea kwa siri huku polisi wakishika ufunguo usiofungua. Wanunuzi hawakuitaka, na kufikia 1996 ilikuwa imekufa.

La Athens ni baya zaidi. Kuanzia katikati ya 2004, mwaka wa Olimpiki, simu zaidi ya 100 za wateja wa Vodafone Ugiriki zilisikilizwa kwa siri hadi Machi 2005, ya Waziri Mkuu Kostas Karamanlis ikiwemo. Waliofanya hivyo hawakuunda mtambo mpya. Ndani ya swichi za Ericsson mlikuwa tayari na sehemu iliyotengenezwa kwa ajili ya usikilizaji halali wa polisi. Vodafone yenyewe haikuwa hata ikiitumia. Wavamizi wakaiamsha kimyakimya, wakawa wanarusha nakala za mazungumzo kwenye simu 14 za malipo ya kabla. Mlango ulijengwa kwa ajili ya sheria, na wa kwanza kuutumia akawa mvunja sheria.

Turudi California. Kesi ilipangwa kusikilizwa tarehe 22 Machi 2016. Jioni ya tarehe 21 serikali iliomba iahirishwe: kuna mtu wa nje amejitokeza na njia. Tarehe 28 ikasema simu imefunguka, ikaondoa ombi lake. Miaka mitano baadaye gazeti la Washington Post liliandika kwamba waliofanya kazi hiyo ni Azimuth, kampuni ndogo ya Australia. Seneta Dianne Feinstein alitaja bei hadharani mwaka 2017: dola 900,000. Na yaliyoripotiwa ni kwamba ndani hamkukutwa jambo kubwa la kuongeza kwenye uchunguzi.

Mwaka 2018 mkaguzi wa Wizara ya Sheria alitoa ripoti ambayo ningependa kila anayelilia mlango wa polisi aisome. Wakati FBI wakiapa kwamba ni Apple peke yake inayoweza kusaidia, mkuu wa kitengo kimoja humohumo ndani alikuwa na mzabuni aliyefikia karibu asilimia 90 ya kazi. Vitengo havikuulizana ipasavyo. Mkaguzi aliandika pia kwamba kuna bosi ndani ya FBI ambaye hakufurahi njia ilipopatikana, maana alitaka kesi iendelee.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ilitokea Cambridge, Uingereza, Septemba 2016. Wakati wa kesi kulikuwa na wataalamu waliopendekeza kunakili chipu ya kumbukumbu, na Comey akajibu kwamba njia hiyo haifanyi kazi. Sergei Skorobogatov, mtafiti wa chuo kikuu kile, alikaa mezani na iPhone 5C. Aliipuliza chipu kwa upepo wa moto hadi ikaachia, akavuta waya kutoka kwenye bodi, akaweka soketi ili chipu iweze kuchomolewa na kurudishwa. Akatengeneza nakala. Anajaribu namba sita, simu inaanza kumzuia, anachomoa chipu na kuweka nakala ambayo haijui kwamba kuna aliyekosea, anawasha upya, anajaribu sita nyingine. Kila mzunguko kama dakika moja na nusu. Namba zote 10,000 zinaisha chini ya siku mbili. Vifaa vyote havikufika dola 100, vya kununua dukani.

Hadubini ninayo. Mashine ya upepo wa moto ninayo. Nilipoisoma kazi ile niliielewa hatua kwa hatua, na msimamo wangu ulitoka pale. Ugumu wa kazi yenyewe ni ulinzi wa raia. Simu moja, siku mbili za fundi aliyebobea, bodi imefunguliwa, mwenye kazi anajulikana, hati iko juu ya meza. Kazi ya namna hiyo polisi wataifanya kwa muuaji, hawataifanya kwa kila kijana aliyesimamishwa barabarani. Huwezi kuifanya kimyakimya kwa watu laki moja.

Nasema hivi nikiwa Dar es Salaam, si California. Mwaka huohuo wa 2016, mwezi Desemba, Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alikamatwa na kufikishwa Mahakama ya Kisutu, sababu mojawapo ikiwa ni kutowapa polisi taarifa za watu walioandika kwenye jukwaa lake. Pale hapakuwa na chipu wala lehemu. Palikuwa na mtu mmoja anayeweza kubanwa awataje wengi. Ndivyo Apple ingekuwa kama ingelazimishwa kushika ufunguo wa simu zote.

Kufuli limeendelea kukazwa, na wafunguaji wameendelea kujifunza. Tangu iPhone 5S, Apple ina sehemu ya pekee ndani ya prosesa inayosimamia namba za siri na vizuizi vyake. Mwaka 2018 kikatokea kisanduku kiitwacho GrayKey cha kuwauzia polisi. Apple ikajibu mwaka huohuo kwa kuzima njia ya data kwenye tundu la chaji simu ikikaa saa nzima bila kufunguliwa. Baada ya shambulio la risasi la Pensacola, Marekani, la Desemba 2019, serikali iliilaumu Apple tena, na Mei 2020 FBI wakazifungua simu mbili za muuaji kwa mikono yao wenyewe.

Mwishoni mwa 2024 ikajulikana kwamba wadukuzi waliohusishwa na China wameingia kwenye kampuni kubwa za simu za Marekani, AT&T na Verizon zikiwemo, na kufika hadi kwenye mifumo inayotumika kutekeleza amri za mahakama za kusikiliza simu. Mwezi Desemba ofisa wa FBI, akiwa na mwenzake wa wakala wa usalama wa mitandao, aliwashauri wananchi watumie programu za meseji zilizosimbwa. Miezi mitatu haikupita kabla Apple haijatangaza kuwaondolea wateja wa Uingereza ulinzi wake mkali zaidi wa iCloud, tarehe 21 Februari 2025, baada ya serikali ya huko kudai njia ya kuingia.