Moyo wa mtungi wa pweza

Mwaka 1983, mwanamke wa miaka 64 alifikishwa Hospitali ya Jiji la Hiroshima, Japani, kifua kikimuuma. Kipimo cha umeme wa moyo kilisema ni shambulio la moyo. Lakini madaktari walipopiga picha ya mishipa inayoulisha moyo damu, haikuwa imeziba. Chemba ya kushoto, inayosukuma damu mwilini, ndiyo iliyowashangaza: chini imetuna na kulegea, juu imebana. Wiki mbili hivi baadaye ilikuwa ikipiga kama kawaida.

Umbo hilo Wajapani wanalijua. Ni la takotsubo, mtungi wa shingo nyembamba ambao wavuvi huufunga kamba na kuuzamisha. Pweza, mpenda mashimo, huingia mwenyewe bila hata chambo. Dk. Hikaru Sato na wenzake waliupa ugonjwa jina hilo walipouandika mwaka 1990, katika kitabu cha Kijapani. Kwa miaka mingi nje ya Japani ni wachache walioujua.

Na ushahidi kwamba hofu inaweza kuuumiza moyo ulikuwapo hata Marekani. Mwaka 1980, wataalamu wawili, Cebelin na Hirsch, waliripoti maiti 15 za watu waliofariki baada ya kushambuliwa, bila majeraha ya ndani ya kuua. Kumi na moja zilikuwa na misuli ya moyo iliyoharibika. Hofu ilikuwa imeacha alama, ila marehemu hawana wa kuwafuatilia kliniki.

Mambo yalibadilika mwaka 2005, Ilan Wittstein na wenzake wa Johns Hopkins, Baltimore, walipochapisha habari za wagonjwa 19, kati yao wanawake 18. Wengine walikuwa wamepokea habari za msiba. Mmoja, ajabu, alikuwa amefanyiwa sherehe ya kushtukiza. Adrenalini katika damu yao ilizidi hata ya wagonjwa wa shambulio halisi. Inadhaniwa mmiminiko huo ndio unaopumbaza misuli ya moyo.

Hadi leo, karibu tisa kati ya kila wagonjwa kumi ni wanawake, wengi wakiwa wamekoma hedhi. Kupungua kwa homoni ya estrojeni kunashukiwa, ila jibu kamili halijapatikana. Kwa kuwa moyo hupona, wengi waliuona ugonjwa huu mwepesi. Mwaka 2015 takwimu za wagonjwa 1,750, zilizoratibiwa kutoka Zurich, ziliwasuta: hatari ya kufia hospitalini ilikaribiana na ya shambulio la moyo lenyewe.