Kasongo na Kabambare: Watu na Kazi Zao



Katika siku za Yubilei ni haki kujiuliza: ni nani waliotuhesabu tangu zamani, na kwa shabaha gani?

Wa kwanza walikuwa wafanya biashara. Zamani za Tippu Tip, Kasongo ulikuwa mji mkubwa wa pembe za ndovu na watumwa. Kabambare kilikuwa kituo katika njia ya kwenda Tanganyika na pwani. Mtu alihesabiwa kama mzigo. Waliobaki hapa, watu wa makabila mengi, wakaoana na wenyeji, Wakusu, Wazimba na Wabangubangu, wakasema Kingwana, wakalima mpunga ulioletwa na Waarabu. Majeshi ya Mfalme Leopold II yakateka Kasongo mwaka 1893, na Kabambare mwaka 1894. Soko la watumwa likafa; mpunga ukabaki.

Wa pili ilikuwa Serikali ya Wabelgiji. Ilihesabu wanaume kwa ajili ya kodi, na baada ya amri ya 1917, kwa ajili ya mashamba ya lazima. Pamba ilitoka mikononi mwa wazee wetu, lakini bei hawakuipanga wao. Reli ya Kongolo na Kindu, iliyomalizika mwaka 1911, ilipita ng'ambo ya Lualaba; hata leo mkulima wa Kasongo hujua uchungu wa mavuno yasiyo na njia.

Hesabu ya mwisho ya raia wote wa nchi ilifanyika mwaka 1984. Tangu hapo vita vya 1996 na vya 1998 viliwakimbiza watu porini, na dhahabu ya Namoya, katika Kabambare, imewavuta vijana waache jembe. Vijiji vingine vimepungua, mji umeongezeka.

Kanisa nalo huhesabu. Vikariati ya Kasongo iliundwa mwaka 1952, ikawa Jimbo mwaka 1959. Katika vitabu vya ubatizo, mtoto huandikwa kwa jina lake, pamoja na baba na mama yake. Hesabu hiyo haimtozi mtu kodi wala haimuuzi.

Basi, kila shirika lijue watu wake: mjane, mkimbizi aliyerudi, kijana aliyekwenda machimboni, wala lisimsahau jirani Mwislamu, maana tumezaliwa katika historia moja. Mchungaji asiyejua majina ya kondoo atajuaje ni yupi aliyepotea?

Mungu aibariki parokia yetu.