New York: Ukarabati wa fleti, stakabadhi na nyongeza ya kodi

Karibu fleti milioni moja jijini New York, nchini Marekani, zimo chini ya sheria inayodhibiti kodi ya pango. Nyingi kati yake ni za majengo yenye fleti sita au zaidi yaliyojengwa kabla ya mwaka 1974. Nyongeza ya kawaida hupangwa kila mwaka na bodi ya jiji. Hata hivyo, mwenye nyumba aliyeboresha fleti anaweza kuongeza kodi zaidi ya hapo, mradi athibitishe gharama alizotumia.

Hadi mwaka 2019, gharama hizo hazikuwa na ukomo. Katika majengo yasiyozidi fleti 35, sehemu moja ya 40 ya gharama iliongezwa kwenye kodi ya kila mwezi, hivyo kazi ya dola 15,000 ilipandisha kodi kwa dola 375. Kodi ilipovuka kiwango maalumu na mpangaji akahama, fleti iliweza kutolewa kabisa katika udhibiti. Mwenye nyumba alikuwa na kila sababu ya kukuza hesabu zake.

Sheria ya Juni 2019 iliifunga njia hiyo. Iliweka ukomo wa dola 15,000 katika miaka 15, na mgao ukawa sehemu moja ya 168, yaani takriban dola 89 kwa mwezi kwa gharama ileile. Katika majengo makubwa zaidi mgao ukawa sehemu moja ya 180. Tangu Oktoba 2024 ukomo umepandishwa hadi dola 30,000, na dola 50,000 kwa baadhi ya fleti, zikiwemo zilizokaliwa mfululizo kwa miaka 25 au zaidi.

Madai ya gharama huthibitishwa kwa hundi zilizolipwa, ankara zenye mchanganuo na alama ya kulipwa zote, mkataba uliotiwa saini, au hati ya kiapo ya mkandarasi. Picha za kabla na baada ya kazi nazo zinahitajika. Mkandarasi sharti awe na leseni na asiwe na ubia na mwenye nyumba. Ikiwa fleti ina mpangaji, idhini yake ya maandishi ni lazima. Matengenezo ya kawaida, kama kuziba bomba linalovuja, hayahesabiwi.

Kwa miaka mingi, hata hivyo, stakabadhi hizo zilichunguzwa pale tu mpangaji alipolalamika. Mpangaji anaweza kuomba bila malipo historia ya kodi ya fleti yake kutoka idara ya nyumba ya jimbo. Kodi ikiwa imeruka ghafla, anaweza kuwasilisha malalamiko, na mzigo wa kuthibitisha humwangukia mwenye nyumba. Ikibainika kuwa alitoza zaidi kwa makusudi, anaweza kuamriwa kulipa mara tatu ya kiasi kilichozidi.

Wenye nyumba hudai kuwa ukomo mdogo huzifanya fleti chakavu zibaki tupu. Watetezi wa wapangaji hujibu kwamba ukomo ukilegezwa, udanganyifu wa zamani utarejea.