Nani Mwenye Haki ya Kupanga Ikoni?

Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ilitoa kompyuta iliyoitwa Star, kwa bei iliyozidi dola 16,000. Ilikuwa ya kwanza kuingia sokoni ikiwa na eneokazi lenye picha ndogo za karatasi, folda, printa na trei za barua. Wazo la ikoni lilitoka kwa David Canfield Smith, aliyelieleza katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1975. Mchoraji alikuwa Norm Cox.

Kioo cha Star kiligawanywa katika miraba isiyoonekana ya inchi moja moja: 14 kwa upana, 11 kwa kimo, jumla 154. Mtumiaji alichagua ikoni, akabonyeza kitufe cha kuhamishia, kisha akaonyesha pa kuipeleka. Mashine iliiweka katikati ya mraba huo, safu zikanyooka zenyewe. Mahali palikuwa pa mtu, unyoofu ukawa kazi ya mashine. Kwangu mimi, mgawanyo wa haki kuliko huo haujapatikana hadi leo.

Mahali si jambo dogo. Mwaka 1983 Thomas Malone, aliyechunguza meza za watu maofisini, aliandika kwamba rundo la karatasi lina kazi yake: limeachwa pale limkumbushe mwenyewe shughuli ambayo haijaisha. Miaka 12 baadaye Deborah Barreau na Bonnie Nardi walikuta hali hiyohiyo kwenye kompyuta. Watu waliyaendea mafaili pale walipokumbuka wameyaweka, na lile lililoachwa mbele ya macho lilikuwa ukumbusho. Ukimpangia mtu ikoni zake upya bila kumwuliza, umemfutia kumbukumbu.

Macintosh ya mwaka 1984 ililiheshimu hilo. Susan Kare alichora ikoni zake katika nukta 32 kwa 32, na programu ya Finder, kazi ya Bruce Horn na Steve Capps, ilikumbuka kila moja ilipoachwa. Amri ya kuzinyoosha ilikuwepo, ila ilingoja kuitwa.

Windows 95 ndiyo iliyolifikisha eneokazi kwa umma, pamoja na kero yake. Unganisha projekta, ukubwa wa picha kiooni ubadilike, na ikoni ulizozipanga kwa makundi zinasukumana na kujirundika upande wa kushoto. Ukichomoa waya, hazirudi. Ndiyo maana zilizuka programu ndogo zenye kazi moja tu, kuhifadhi mpangilio na kuurudisha. Windows XP ya mwaka 2001 iliongeza msaidizi ambaye kila baada ya siku 60 alijitokeza na kushauri kwamba njia za mkato zisizotumika ziondolewe. Angalau huyo aliomba ruhusa.

Ubishi huo ulihamia kwenye simu. iPhone ilipotoka mwaka 2007 haikumruhusu mtu kuhamisha ikoni hata moja. Mwaka uliofuata ruhusa ilikuja, lakini pengo halikuruhusiwa: ukiondoa ikoni moja, zilizobaki zinasogea kulijaza. Ilibidi kungoja iOS 18, mwaka 2024, ndipo mwenye simu aweze kuacha nafasi wazi juu na kushusha ikoni chini, kidole gumba kinapofika. Watumiaji wa Android walikuwa na uhuru huo tangu 2008.